Breki ya Mbele kwenye Ngomo Ndogo

Modeste Bisimwa alikuwa mtu wa kuogopa mapema. Wengine huogopa hatari ikishafika mlangoni. Yeye aliamka na woga wake alfajiri, akaunywa pamoja na kahawa jikoni kwake Koekelberg, Brussels, akauvalia koti, akashuka nao ngazi hadi barabarani kuisubiri kamioneti ya kazi. Wenzake walimcheka, naye hakuona haya. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na kwao Kivu, katika ile miaka aliyoendesha Landrova ya misioni, vilio alivisikia vya kumtosha.

Udereva alifundishwa na mzee Sylvestre. Kwanza alikuwa boi-shofa wake, yaani yule anayekaa nyuma juu ya mizigo, gari likikwama anaruka chini na jiwe mkononi akazuie gurudumu. Barabara ya kutoka Bukavu kwenda Uvira ilipita kwenye genge la Ngomo, na aliyepita Ngomo wakati wa mvua hahitaji kuelezwa. Upande huu ukuta wa mlima, upande ule hewa tupu, katikati utepe wa udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Siku moja mzee Sylvestre, akiteremka na lori la magunia, aligusa breki pale asipotakiwa kuigusa. Modeste alikuwa amesharuka chini. Alibaki amesimama na jiwe lake, anaangalia lori likigeuka ubavu polepole, kama ng'ombe anayetafuta pa kulala, halafu barabara ikawa tupu.

Tangu hapo akawa mtu wa sheria. Kwenye matope ya kuteremka, usiguse breki hata shetani akikushika mkono. Yafunge magurudumu ya mbele yazungushwe na injini kabla hujaingia kwenye tope, maana ukishakwama umechelewa. Teremka na gia ileile ambayo ungepandia, uiache injini ikushike kwa magurudumu yote manne. Na mzigo weka mbele, hata watu wakae juu ya boneti, kwa sababu gurudumu la mbele lisilo na uzito halina meno. Sheria hizi hakuzipata kitabuni. Kila moja ilikuwa na maiti nyuma yake, na nyingine maiti wawili watatu, kwa hiyo hakuzitunza kama maoni ya mtu. Alizitunza kama vile watu wanavyotunza makaburi. Nazo zilimtunza yeye, akazeeka kidogo, akaoa, akavuka mpaka wa Zaire akiwa na viungo vyake vyote.

Brussels aliingia mwanzoni mwa miaka ya tisini. Aliosha vyombo, akafagia ofisi huko Etterbeek ambako karatasi ni nyingi kuliko watu, mwishowe akapata kazi inayofanana na yeye: kwa mkandarasi mmoja aliyetunza vipande vya msitu upande wa Boitsfort. Kupanda miche, kujenga uzio ili paa wasiile, kutoa matawi yaliyoanguka. Mkandarasi huyo, Monsieur Roland, alikuwa na kwadi. Nieleze kwa asiyeijua: ni kama pikipiki, ina usukani wake na kiti chake cha kupanda kama farasi, lakini ina magurudumu manne yenye matairi manene kama mikate, na mbele na nyuma kuna vyuma vya kuwekea mzigo. Hupita mahali ambapo trekta lingezama.

Ile kwadi ya kwanza ilikuwa nyekundu, nzee, yenye kelele. Ukivuta wenzo wake, magurudumu manne yalifungamana, yakizunguka pamoja, ukipanda au ukiteremka. Modeste alipoiendesha siku ya kwanza alihisi amekutana na Landrova ya misioni iliyonywea kwa baridi. Sheria zake zote zilikubali. Aliteremka mabonde ya msitu ule kwa gia ya kwanza, vidole mbali na breki, na injini ikamshika mgongoni kama mama anavyomshika mtoto anayejifunza kutembea.

Kisha akaja Éliézer.

Éliézer alikuwa mdogo wake Antoinette, mke wa Modeste. Antoinette alisuka nywele kwenye Galerie d'Ixelles, saluni ya tatu ukiingia, na tangu vita ya tisini na sita vidole vyake vilisuka huku masikio yake yakiwa kwenye simu. Habari zilikuja moja moja, kila moja ikiondoa mtu. Mwishowe akafika Éliézer mwenyewe, mwembamba, amevaa koti la mtu mwingine, na hakukuwa tena na wa kumsubiri baada yake. Usiku wa kwanza, kijana akiwa amelala kwenye kochi, Antoinette alimwambia mumewe maneno machache tu.

"Modeste, huyu njo ndugu mumoja nimebakia naye."

Hakuongeza. Modeste aliyabeba maneno hayo juu ya woga wake wa kila siku, na yakawa mazito kuliko woga wote.

Alimwombea kazi kwa Monsieur Roland, akamchukua msituni, akamfundisha. Kila jioni mezani alimrudisha kwenye sheria kama katekista, mpaka siku moja akamwapisha mbele ya Antoinette kabisa: kwenye tope la kuteremka hatagusa breki. Éliézer aliapa huku anatafuna. Alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, mpiga gitaa wa kwaya, na mdomo wake haukujua kupumzika.

"Shemeji," alisema kwa Kiswahili cha kwao, ambamo gia ni vitesi na breki ni frein, "hata kwenye ngazi ya métro unashukaka na vitesi ya kwanza?"

"Cheka tu. Mimi niliona."

"Najua uliona. Ndiyo maana niko naapa. Yaya, dada yangu, ongeza mchuzi, kiapo kinakausha koo."

Alicheka, lakini alitii. Hilo ndilo lililomtia Modeste amani: kijana alikuwa na mdomo mwepesi na mkono mtiifu.

Baada ya Noeli, Monsieur Roland aliuza ile nyekundu akanunua mbili za kijani, mpya. Aliwaambia kwamba hizi hazina wenzo wa kufunga magurudumu ya mbele, hazihitaji. Zinajua zenyewe. Magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza, ya mbele yanashika papo hapo, dereva hata hajui. Modeste aliizunguka mashine kama mtu anayenunua mbuzi, akatafuta wenzo usiokuwepo, na siku nzima hakufurahi. Wiki ile ardhi ilikuwa imeganda kwa baridi, ngumu kama saruji. Wakazijaribu kupanda kilima. Nyuma ilipoteleza juu ya majani, mbele ikashika, ikavuta, ikapanda kama mbuzi kweli. Modeste akacheka peke yake. Sheria ya kufunga kabla ya tope, akafikiri, sasa chuma chenyewe kimejifunza. Woga wake, ambao haukuwa umelala kwa miaka, ulilala hapo.

Hali ya hewa ikageuka. Mvua ilinyesha juu ya ardhi iliyoganda, juu pakawa uji, chini pakabaki barafu. Asubuhi hiyo Monsieur Roland na wenzake walikuwa kwenye tuta la ng'ambo na misumeno ya injini, na kelele yake ilijaza bonde zima. Modeste na Éliézer walibaki na kwadi mbili na kazi mbili. Modeste atateremsha miche kwa njia fupi, upande wa mteremko mdogo. Éliézer atazunguka kwa juu, apakie nguzo za uzio zilizolundikwa kileleni, ateremke nazo kwa njia ndefu. Njia ile walikuwa wameipa jina wenyewe, Ngomo Ndogo, kwa sababu ilikatwa ubavuni mwa bonde, na upande wake wa kushoto miti ilianza chini sana.

"Nguzo weka mbele," Modeste alisema.

"Mbele."

"Vitesi?"

"Ya kwanza. Na frein ni kaburi. Na nisali Rozari, na ninunue mkate nikirudi. Shemeji, wende, miche yako iko nasikia baridi."

Akavaa kofia yake ngumu yenye vifuniko vya masikio, akainua kidole gumba, akaondoka.

Modeste akaingia mteremko wake mdogo. Gia ya kwanza, vidole mbali na breki. Mita chache za kwanza mashine ilikwenda kwa adabu. Halafu alihisi kitu ambacho mwili wake ulikijua kabla ya akili: kiti kilianza kusogea pembeni. Nyuma ya mashine ilikuwa inataka kupita mbele. Alishikilia sheria. Hakugusa breki. Aliingoja injini iyashike magurudumu ya mbele, na injini haikushika kitu. Usukani ulikuwa mwepesi mkononi kama usukani wa mchezo wa watoto. Kwadi ikageuka ubavu, polepole, jinsi alivyowahi kuona jambo hilo likifanyika, na kwa kitambo kifupi alisikia harufu ya magunia ya mahindi yaliyolowa. Kisha ikapinduka. Alitupwa kwenye miiba, bega likagonga shina la mti, na miche ikamwagika bondeni kama vijiti vya kiberiti.

Alilala akisikiliza mwili wake. Bega linauma, mguu unauma, shingo inageuka. Mashine imelala kifudifudi, magurudumu juu, imezimika. Alijikokota kwa magoti kurudi kwenye njia, si kwa ushujaa, bali kwa sababu alitaka kujua amekosea sheria gani. Mtu wa sheria akianguka hutafuta sheria aliyoivunja.

Matope yalikuwa yameandika kila kitu. Alama za magurudumu ya nyuma zilikuwa mifereji miwili mirefu iliyolainishwa, kama siagi iliyopitiwa kisu: yalijitahidi kushika, yakaburutwa. Alama za mbele zilikuwa safi. Kila jino la tairi limejipiga chapa yake, moja baada ya jingine, bila mkwaruzo wowote. Yalikuwa yanazunguka tu. Hayakushika, hayakuzuia, yalisindikiza.

Modeste alipitisha kidole kwenye alama zile. Kupanda, nyuma ikiteleza, mbele inaamka. Lakini kuteremka nyuma haizunguki kwa kasi kuliko mbele, inaburutwa tu, kwa hiyo mbele inalala. Injini inashika magurudumu mawili ya nyuma peke yake, tena yale ambayo mteremko umeyaondolea uzito. Hilo si gari la magurudumu manne. Ukiteremka na kitu kama hiki, kinachobaki cha kuyashika magurudumu ya mbele ni kimoja tu, nacho ni breki.

Sheria hakuwa ameivunja. Aliifuata barabara.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema neno juu ya yule anayelisikia. Na kule juu, kileleni mwa Ngomo Ndogo, alikuwepo mtu aliyelisikia la mkuu wake neno kwa neno, anarundika nguzo juu ya chuma cha mbele, ili gurudumu lipate meno.

Modeste alikimbia.

Kukimbia ni neno la heshima tu. Alikuwa na umri wake na mguu mmoja uliokataa. Alivuka kijito, maji yakaingia kwenye buti, akaupanda Ngomo Ndogo kutoka chini, kwa sababu njia ya kuzunguka ilikuwa mbali. Aliita. Misumeno ikaimeza sauti yake. Aliita tena huku akijua ni bure, kwani hata misumeno ingenyamaza, masikio ya Éliézer yalikuwa yamefunikwa, na ni Modeste mwenyewe aliyemnunulia vile vifuniko, akiogopa asije akawa kiziwi.

Kila hatua mbili aliteleza moja. Alishika mizizi, akashika majani, akashika matope yenyewe. Kati ya miungurumo ya misumeno alisikia kitu kingine, juu yake: injini ndogo inawashwa, inaguguma, inatulia. Éliézer amemaliza kupakia. Modeste aliona uso wa Antoinette akifungua mlango. Hakuuona ukilia. Aliuona unamwangalia yeye, halafu unaangalia nyuma yake kwenye ngazi, kumtafuta wa pili. Aliomba. Hakuomba vizuri. Alisema tu, "Asishuke, asishuke," kama mtu anayefukuza kuku.

Alikuwa amebakiza labda hatua saba nane kufika juu, pale njia inapoinama, alipoiona pua ya kwadi ikitokeza. Kwanza rundo la nguzo, halafu juu yake kofia ya Éliézer.

Alitaka kuinua mikono. Mikono ilikuwa imeshaanza kwenda juu, akaizuia. Kwao, gari likiteremka pabaya, boi-shofa hutangulia mbele, anatembea kinyumenyume na mikono juu, akimwonyesha dereva mahali pa kupitisha magurudumu. Mikono juu maana yake njoo. Modeste alimfundisha Éliézer hilo pia. Akiinua mikono, kijana atakuja, tena kwa furaha.

Akakaa chini. Alikaa matako kwenye tope, katikati ya njia, miguu ameinyoosha, kama mtoto aliyesusa. Hakuna boi-shofa duniani anayeelekeza gari akiwa amekaa.

Éliézer alimwona. Aliachia mafuta, na mashine ikajongea bado kidogo, kidogo tena, hadi magurudumu ya mbele yakawa yameshapita ukingo. Ikasimama, imeinamisha kichwa. Éliézer akasukuma vifuniko vya masikio nyuma.

"Shemeji, unafanya nini pale? Unatafuta uyoga?"

"Usishuke. Usigeuze usukani. Usifanye kitu."

"Bon. Niote mizizi?" Halafu akaona damu kwenye shavu la Modeste, na sauti ikabadilika. "Nini ilikupata?"

"Unaweza kurudi nyuma?"

Éliézer alijaribu. Magurudumu ya nyuma yakazunguka, yakarusha uji wa matope angani, yakafika kwenye barafu, na mashine, badala ya kurudi, ikasogea mbele kiasi cha kiganja. Kijana akaacha mara moja. Nguzo zilipiga kelele ndogo juu ya chuma. Tope chini ya matairi ya nyuma lilikuwa linaachia, lenyewe, bila kuguswa na mtu.

"Shemeji, iko natembea," alisema, chini chini. "Sijaifanya kitu, iko natembea."

"Kamata frein ya mbele. Ya mukono wa kuume. Polepole, kama unakamata yai."

Éliézer hakusogeza mkono.

"Frein?"

"Frein."

"Kwenye poto-poto?"

"Éliézer, kamata."

"Uliniambiaka frein kwenye poto-poto ni kaburi. Uliniapisha, shemeji. Mbele ya yaya uliniapisha."

"Nilikuapisha. Kamata."

Bado mkono haukusogea. Vidole vya Éliézer vilikuwa vimenyooka mbali na wenzo wa breki, kama alivyofundishwa. Modeste alielewa kwamba hapo hashindani na mlima. Anashindana na Modeste mwingine, yule wa mezani, wa jioni zote zile, aliyekaa ndani ya kichwa cha kijana na mwenye sauti kubwa kuliko yake. Mashine ikasogea kiganja kingine. Ikija, itampitia yeye kwanza, kisha itageuka ubavu, kisha miti iliyo chini kushoto. Hakuinuka.

"Niangalie," alisema. "Mimi nimeanguka sasa hivi. Sikugusa frein, nikaanguka. Magurudumu ya mbele ya hii kintu hayakamate kwenye kushuka. Nilikufundisha mubaya. Sikia ile ninasema leo, acha ile ya jana. Kamata, mutoto wa mama, kamata."

Kidole kimoja kikakunjika. Kisha cha pili. Matairi ya mbele yakakaza, yakajibana kwenye tope kama mtu anayekunja vidole vya miguu ndani ya kiatu, na mashine ikanyamaza mahali pake.

"Usiachie."

"Siachii."

"Usikaze zaidi."

"Shemeji, usiongee sana."

Modeste alipanda kwa tumbo hadi ubavuni mwa mashine. Sasa ilibidi aiondoe sheria yake nyingine, ile ya mzigo mbele, kwa mikono yake mwenyewe. Nguzo zote zilikuwa mbele, na uzito wote ulikuwa unavuta pua chini na kuinyanyua nyuma. Alizitoa moja moja. Akivuta moja, mashine inatikisika, Éliézer anavuta pumzi, wote wawili wanangoja. Halafu nyingine. Nguzo ziliteremka bondeni zikigonga miti, na kila mlio wake Modeste aliusikia kama habari ya msiba. Bega lilimchoma. Alifikiri kumwambia kijana ashuke, aiache mashine iende zake, lakini aliona kwamba mwili wa Éliézer ulikuwa ndio uzito pekee uliobaki kwenye magurudumu ya nyuma. Kijana akiinuka, mashine itaondoka huku mguu wake mmoja ungali juu ya kiti.

Nguzo zilipokwisha, alizunguka nyuma, akapanda juu ya chuma cha mizigo, akajisogeza mpaka mwisho wake, akashika koti la Éliézer kwa mikono miwili.

"Mimi njo mzigo sasa," alisema. "Tunashuka."

"Aje?"

"Unakamata, unaachia kidogo, unakamata. Ya mbele tu. Ukiona nyuma inataka kupita, usiachie yote. Uende nayo."

"Na kama nasahau?"

"Nitakukumbusha."

"Na kama wewe unasahau?"

Éliézer hakungoja jibu. Aliachia kidogo. Mashine ikainama, ikaenda. Akakamata. Matairi ya mbele yakauma. Akaachia. Modeste alifumba macho, akaona kwamba gizani ni kubaya zaidi, akayafumbua. Kushoto vilele vya miti vilipita chini ya kiwiko chake. Alihisi moyo ukigonga kupitia lile koti nene, na hakujua ni wa nani.

Katikati, pale njia inapopinda, nyuma iliteleza. Aliisikia kwenye makalio yake, ule msogeo wa pembeni. Na alisikia mkono wa Éliézer ukifanya jambo ambalo kila mkono uliofundishwa naye ungefanya: uliachia breki yote. Mashine iliruka mbele kama iliyochomwa. Hapo Modeste hakupiga kelele. Aliweka mdomo karibu na sikio la kijana, akasema kama anavyosema mtu anayembembeleza mgonjwa anywe dawa.

"Kamata. Ile ya kuume. Yai. Ni yai tu."

Ulikuwa muda mrefu, au haukuwa muda kabisa. Kisha matairi ya mbele yakashika, pua ikajinyoosha, nyuma ikarudi mahali pake pa nyuma. Kijito kikaonekana, kikakaribia, maji yakaruka, na mashine ikasimama ng'ambo kwenye changarawe, tambarare, inanguruma kwa upole kama haijafanya neno.

Éliézer aliizima. Hakuna aliyeshuka. Misumeno kule kwenye tuta iliendelea na kazi yake, na mvua nayo.

"Unaweza kuachia koti yangu," Éliézer alisema mwishowe.

"Nitaiachia."

Hakuiachia. Vidole vilikuwa vimekataa. Éliézer alivifungua kimoja kimoja kwa mikono yake, bila mzaha, akamshusha, akamkalisha juu ya gogo. Ndipo alipogeuka akaona, kwenye mteremko mdogo, kwadi nyingine imelala magurudumu juu, na miche imetapakaa. Aliiangalia muda mrefu. Akaenda mpaka pale, akainama juu ya zile alama mbili, zile zilizolainishwa na zile safi, akarudi.

"Donc wewe ulianguka pale," kijana alisema, "halafu ukapanda kwa miguu mpaka kule juu."

"Ndiyo."

"Kuja kuniambia kwamba ulinifundisha mubaya."

"Ndiyo."

"Shemeji," Éliézer alisema, akakaa kando yake kwenye gogo. "Ile ingine yote? Ile mengine ulinifundishaka?"

Modeste alifikiri juu ya yale mengine. Yalikuwa mengi: namna ya kujibu kwenye dirisha la komuni, ile manispaa, mtaa gani usipite na saa gani, nani wa kumwamini kule Matonge, mtaa wa Wakongo, na nani wa kumsalimia tu. Miezi yote hiyo alimjaza kijana sheria, kwa sababu alidhani mtu hawezi kufa akiwa amebeba sheria za kutosha. Sasa alizipekua moja moja kichwani na hakuona hata moja ambayo angeapa juu yake.

"Sijui," alisema. "Ninaogopa, Éliézer. Sijui ni ipi ingali nzuri."

Hilo hakuwahi kumwambia mtu. Wenzake walijua kwamba anaogopa, lakini walidhani ndani ya woga wake anajua. Éliézer alimtazama, na Modeste akangoja mzaha. Haukuja. Kijana alitoa leso, akailowesha kwenye kijito, akamfuta damu shavuni, akisugua kwa nguvu zaidi ya inavyohitajika, kama dada yake anavyofanya.

"Yaya ataona hii," alisema.

"Ataona."

"Utamwambia nini?"

"Ile ilifanyika."

"Yote?"

"Yote. Atanifukuza jikoni."

"Atatufukuza wote wawili. Mimi njo niliapa."

Wakainuka. Kwadi iliyopinduka ilibidi kugeuzwa, na mtu mmoja hawezi. Walisimama upande wa juu, mabega pamoja, lile zima la Modeste na yote mawili ya Éliézer, wakasukuma mpaka ikaanguka juu ya magurudumu yake. Gurudumu la mbele lilibaki linazunguka hewani kidogo kabla ya kugusa ardhi, jepesi, halina habari na mtu. Modeste alilitazama. Kisha alimgeukia shemeji yake.

"Niambie," alisema. "Pale kwenye kona, wakati ilikamata. Wewe uliisikia aje mukononi?"

Éliézer alifikiri. Akainua mkono wa kulia, akaukunja hewani, taratibu, kidole kimoja na nusu.

"Kwanza hausikii kitu," alisema. "Halafu inakuwa kama muntu anakusalimia. Si yule anakubana. Yule mwingine, mwenye mukono ya polepole. Pale njo unabakia. Ukipita pale, umepotea. Alors, lete mukono yako, nikuonyeshe."

Modeste alimpa mkono. Éliézer akaushika, akavikunja vidole vyake taratibu, kimoja na nusu.